Tata Alisema Quarante

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kwa miaka kumi na tisa nimewafundisha watoto wa Kolwezi kutafuta namba iliyojificha nyuma ya herufi, na sikumbuki kama namba yoyote imewahi kunitisha. Nalisema hili mapema ili aibu yangu ieleweke vizuri. Siku niliyosimama mbele ya rafu ya mafuta ya injini, katika duka moja la vipuri pale Manika, nilikuta bidoni za kila rangi, na juu ya kila moja namba mbili zenye herufi katikati: 5W30, 15W40, 20W50. Nilijaribu kuzitoa, nikajaribu kuzigawanya, nikatafuta kama zina mpangilio wowote. Hazikunipa kitu. Muuzaji akaniuliza kama najisikia vibaya.

Neno lenyewe halisaidii. Kwetu mafuta ni ya kukaangia, mafuta ni ya kujipaka mwilini, mafuta ni yale unayotia kwenye gari ili litembee, na mafuta ni yale anayopakwa mgonjwa na pasta. Ukitaka ya injini lazima useme huile ya moteur, na ukishasema hivyo ndipo maswali yanapoanza.

"Gari ni ya nini, madame?" muuzaji aliniuliza.

"Ni ya tata."

"Mi nauliza moteur."

Sikujua. Nilijua rangi yake, nyeupe, na nilijua harufu yake ndani, ya sabuni na kola.

Gari lilikuwa la baba yangu kweli. Tata alilinunua alipostaafu reli: gari dogo la Kijapani lililoshushwa Dar es Salaam na kuletwa kwetu kwa barabara, usukani wake uko kulia, na sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo ukitaka kulipita lori ni lazima abiria akuangalizie. Abiria huyo alikuwa mama. "Pita," alikuwa anamwambia, na tata anapita. Alikuwa fundi wa injini za treni maisha yake yote, katika depo ya hapa Kolwezi, na gari lake hakuna fundi mwingine aliyeligusa. Ukiweka mkono kwenye boneti alikuwa anakohoa mpaka uuondoe.

Mwanzoni mwa masika kiharusi kilimwangusha. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakamtoka. Siku kumi na sita baadaye, tata akiwa bado amelala hospitalini, mama akafa. Alikuwa anachambua maharage asubuhi, akaweka sinia chini, akasema anapumzika kidogo, basi. Watu wa kwao walitaka azikwe Mutshatsha, mji wa reli ulioko magharibi yetu, walikolala wazazi wake, na ambako yeye na tata walionana mara ya kwanza kituoni. Tukamzika kule. Tata hakuwapo. Tulimwambia kitandani, mimi na kaka zangu wawili, na yeye akageuza uso ukutani, akakaa hivyo hivyo mpaka jioni.

Alipotoka hospitalini nilimchukua nyumbani kwangu. Siku ya kwanza tu nilimwekea ahadi. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia, "Tata, nitakupeleka kwa mama. Na gari yako." Akanishika mkono kwa ule wake mzima. Sijawahi kumwahidi mtu kitu nilichotaka kukitimiza kuliko hicho.

Kaka zangu walikuwa bado hawajarudi makwao, mmoja Likasi na mwingine Lubumbashi. Tulikaa sebuleni kwangu tukaongea mambo ya mama. Njia ya Mutshatsha wakati wa mvua ni matope matupu, magari yanalala njiani. Tukakata shauri kwamba misa na kutoa matanga vingoje kiangazi, barabara ikauke, wajukuu wawe likizo, watu wote wafike. Ulikuwa uamuzi wa busara, na mimi ndiye niliyeuandika kwenye daftari. Tata alikuwa amekaa katikati yetu. Hakuna aliyemgeukia kumuuliza.

Muuguzi aliyekuwa anakuja kumnyoosha mkono alinieleza kwamba maneno yangerudi polepole, na kwamba mengine hayakuondoka. Tata alibaki na "eyo", ndiyo ya kwetu, alibaki na "apana", na alibaki na namba zote, za Kifaransa, kama tunavyohesabu sote huku.

"Hesabu inakaaka fasi ingine mu kichwa, madame," muuguzi alisema.

Nilijivuna, ukweli ni huo. Nilijisemea kwamba huyu kweli ni baba yangu.

Mimi sikutaka kungoja kiangazi. Misa ingengoja, lakini kumpeleka tata kuliona kaburi ni jambo langu na lake. Kilichokuwa kinanizuia ni gari. Lilisimama uani tangu alipoanguka, na nilipochomoa ile fimbo ya kupimia mafuta, tunayoiita jauge, ilitoka nyeusi tititi. Hata mimi nilijua kwamba gari la namna hiyo halipelekwi Mutshatsha bila vidange, yaani kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya. Injini ikifia porini na mgonjwa ndani, ningewaambia nini kaka zangu? Basi nikamwendea tata barazani.

"Tata, tutie huile gani?"

Aliniangalia. Mdomo ukahangaika, kisha neno likatoka safi kabisa.

"Quarante."

Sikuwa na shaka hata chembe. Quarante nilikua nayo. Ndiyo mafuta ya injini za treni, mazito, yameandikwa 40, namba moja tu bila herufi wala mkia. Tata alirudi nayo nyumbani kwenye nguo zake kila jioni, na mama alizifua kwa majivu na sabuni akilalamika, "Quarante haitokake hii." Niliposikia neno hilo barazani nilikaribia kulia kwa furaha, maana nilidhani fundi wangu amerudi.

Muuzaji wa Manika ndiye wa kwanza kunivuruga. "Quarante kwa kagari? Apana, madame. Chukua vingt-cinquante. Kolwezi kunawaka moto, huile ya mwepesi itakimbia."

Nikaenda kwa fundi mwenye gereji karibu na parokia yetu, mtu anayeheshimika, aliyekuja nyumbani na kufungua boneti huku tata akikohoa barazani. Alipangusa vumbi na kunionyesha kikaratasi kilichobandikwa ndani, kimejaa maandishi ya Kijapani, na katikati yake kitu nilichoweza kusoma.

"Angaria apa. Bajaponais beko banasema cinq W trente."

"Tata anasema quarante."

"Quarante njo ya locomotive. Ukitia mu hii, asubui ya baridi haitapanda juu, moteur itazunguka mukavu."

"Na W ni nini?"

"W ni ya bazungu, madame. Weye usisumbuke nayo."

Mwalimu wa hesabu haambiwi asisumbuke na herufi. Nikampigia simu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeendesha yale malori makubwa ya mgodini, ambayo gurudumu lake moja linanizidi kimo. Yeye, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, alicheka kwanza.

"Yaya, achana na batu ba magasin. Tia quinze-quarante. Camion yetu inabebaka mulima muzima na ile."

"Camion yenu si ya mazutu?"

"Eyo."

"Hii ni ya essence." Malori yao yanakunywa dizeli, gari la tata petroli.

"Yaya, moteur ni moteur."

Nilikaa na karatasi nikaandika majibu yote manne: 40, 20W50, 5W30, 15W40. Nimeona wanafunzi wangu wakifika mahali fulani kwenye swali, wanaacha kufikiri na kuanza kuchora maua pembeni, na huwa nawakasirikia sana. Mimi pia nilichora. Baadaye nikasoma kwenye simu kwamba ile W ni ya baridi: namba ya mbele inasema mafuta yanavyotiririka injini ikiwa baridi, ya nyuma inasema unene wake injini ikishapata moto. Kumbe ni rahisi hivyo. Nikaielewa W. Tata sikumwelewa.

Nilirudi kwake na ushahidi, nikamwonyesha hata picha ya kile kikaratasi. "Tata, Bajaponais banasema trente. Quarante ni ya treni, weye unajua kuliko siye."

"Quarante."

"Itaharibu moteur, tata."

Akapiga meza kwa kiganja. Akanionyesha vidole vinne, kisha ngumi iliyofungwa. Nne, sifuri. "Quarante! Quarante!" Kisha akaelekeza kidole ukutani, upande wa dirisha, palipotundikwa kalenda ya parokia. Nikainuka nikafungua dirisha, nikadhani anataka hewa. Alifumba macho. Nilimkasirikia, sitaficha. Nilimwona mzee mkaidi anayetaka gari dogo linywe mafuta ya treni kwa sababu tu yeye alikuwa mtu wa treni.

Hapo nikaingia katika zile siku zangu za upumbavu. Nilinunua bidoni ya quinze-quarante kwa sababu ndani yake kulikuwa na quarante, nikidhani nimepata upatanisho. Sikuitia. Nikanunua quarante yenyewe, kutoka kwa mtu anayewauzia wenye majenereta. Hiyo nayo sikuitia. Nilikuwa natoka shuleni, napita uani, naziangalia bidoni zimesimama pamoja kando ya gari, naingia ndani. Kila asubuhi nilimwambia tata avumilie kidogo, "Kiloko tu, tata, gari iko karibu," na kila asubuhi alijibu neno lile lile, na nikawa naona sauti yake inazidi kuwa na haraka.

Jumapili moja nilimkuta ameamka kabla yangu. Alikuwa amejivalisha mwenyewe kwa mkono mmoja: shati jeupe, vifungo vimepishana, suruali yake nyeusi ya sherehe, na viatu, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Nikadhani anataka kanisani. Mvua ilikuwa inamwagika, nikamwambia leo hatuwezi, tata, utapata mafua, tutasikiliza misa ya redio. Nikamrekebishia viatu. Mimi nikakaa mezani nikasahihisha mitihani ya darasa la tano mpaka jioni. Yeye hakutoka pale mlangoni. Nilimletea chakula hapo hapo, hakula. Giza lilipoingia alikubali nimvue shati.

Jumatatu asubuhi alikuwa mtulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha. Nilimpa chai. Nikamwambia, kama kawaida, gari iko karibu. Hakupiga meza. Alisema polepole, bila kuniangalia, "Quarante et un."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari. Nilijua hakuna mafuta ya arobaini na moja duniani, na nikaona ugonjwa umefika hata mahali pale pengine kichwani, kwenye namba, kitu cha mwisho alichokuwa nacho. Lakini mtu aliyechanganyikiwa hufanya mambo ya mtu aliyechanganyikiwa. Badala ya kwenda shule nilipanda pikipiki ya taxi-moto nikaenda kuitafuta.

Safari hii sikwenda kwa yule muuzaji wa kwanza. Nilikwenda kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vipuri nyuma ya soko. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani, na watoto wake wanasafirisha mizigo mpaka Kasumbalesa. Watu wanasema hauzi bidoni iliyofunguliwa na kujazwa upya. Aliniangalia macho yangu mekundu, akaniletea kigoda.

"Tata," nilimwambia, "iko huile ya quarante et un?"

Alivua miwani. "Ya ngapi?"

"Quarante et un."

"Arobaini na moja," alisema, kwa maana yeye ni wa wale wanaohesabu kwa Kiswahili. Akalirudia tena taratibu, kama anayetafuta kitu kwenye rafu. "Ya mafuta hakuna, mama. Mimi arobaini na moja ninayoijua ni ile ya matanga tu. Arobaini inasomwa, watu wanakula, wanakunja mikeka, wanaenda kwao. Ya arobaini na moja unaamka peke yako. Nani kakutuma?"

Neno hilo nililisikia maisha yangu yote. Arobaini. Hata sisi Wakatoliki tunaijua siku hiyo, tunaisomea misa, tunaenda kaburini. Lakini kwa Kifaransa, kutoka mdomoni mwa fundi wa treni, mimi niliyemuuliza swali la mafuta nilisikia mafuta.

Nilihesabu kwenye vidole vyangu pale kwenye kigoda, mimi niliye na diploma. Kutoka asubuhi ile ya maharage. Nilihesabu mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na yule mzee akanisaidia kuanzia ishirini. Arobaini ilikuwa jana. Jana ya shati jeupe.

Niliona haya. Nilimweleza yote, mambo ya kikao chetu na kiangazi, na yeye hakunilaumu wala hakunifariji. Aliuliza kikaratasi cha kwenye gari kinasema nini, akashusha bidoni ya cinq-trente akaifunga kwa gazeti. "Nenda naye kesho," alisema. "Marehemu hana haraka. Anayengoja ni huyo wa nyumbani."

Tata alikuwa barazani. Nilipiga magoti pale pale nilipoweka ahadi.

"Tata, nilikosa. Weye ulikuwa unasema siku ya mama. Mi nilizani ni huile."

Aliniangalia. Kitu kikaanza kutetemeka kwenye upande mzima wa mdomo wake, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Huile?" alisema. Hilo ni neno ambalo hakuwa nalo mpaka siku ile. "Huile?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikalia kabisa, na hatukuelewana nani anafanya nini.

Fundi wa gereji alikuja mchana kufanya vidange. Nilipokuwa namtolea gurudumu la akiba ili aliangalie, chini yake nikakuta bidoni tupu ya zamani, imepanguswa vizuri na kufungwa kwa kamba, bidoni ambayo tata mwenyewe aliitumia mara ya mwisho. Imeandikwa 5W30. Nikairudisha mahali pake.

Tuliondoka Jumanne asubuhi. Mimi kulia kwenye usukani, tata kushoto, mahali pa mama. Njia ilikuwa mbaya kama tulivyosema kwenye kikao. Mara mbili tulikwama, na wachoma mkaa walitusukuma. Kila tulipofika nyuma ya lori nilimwangalia yeye, naye anachungulia mbele, ananisubirisha, kisha anasema, "Eyo," na mimi napita. Tulipopumzika nusu ya njia alinionyesha boneti. Nilifungua, nikachomoa jauge, nikampa. Alisugua mafuta kati ya vidole viwili, akayatazama kwenye mwanga, akajipangusa kwenye suruali yake ya sherehe. Hakukohoa.

Kaburi lilikuwa limeota majani mafupi kwa ajili ya mvua. Msalaba wa mbao uliinama kidogo, nikaunyoosha. Nilimshika tata kwapani, yeye akasimama na shati lake jeupe, vifungo safari hii vimekaa sawa, akaangalia chini. Mdomo ulihangaika. Nilingoja. Sikumsaidia na neno lolote.

"Quarante," alimwambia mama.

Ilikuwa arobaini na mbili. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na sikumsahihisha.